Shangazi wa Sikioni

Asubuhi ile Nakijwa Mshana aliingia wodi ya wazazi na furaha ya mtu aliyebakiza miezi michache awe daktari. Alisimama kando ya kitanda cha dirishani, akamtabasamia mama aliyelala pale na kichanga kifuani, akasubiri Shangazi amwambie la kusema.

Shangazi hakuwa mtu. Alikuwa kidude cha ukubwa wa punje ya kunde kilichokaa ndani kabisa ya sikio la kulia, na kila mwanafunzi wa Chuo cha Tiba Mkonge alikabidhiwa chake siku ya kwanza ya masomo. Jina lake rasmi lilikuwa refu, halikumbukiki. Wanafunzi walimwita Shangazi kwa kuwa kazi yake ilikuwa ileile ya mashangazi: kukaa karibu na sikio lako na kukufunda maneno ya kusema mbele za watu.

"Habari za asubuhi, mama," Nakijwa alisema, akiufuata ule mnong'ono neno kwa neno. "Kidonda chako kinaendelea vizuri. Na kama ulivyoomba, kizazi tumeshakifunga. Hutahitaji tena dawa za uzazi wa mpango."

Yule mama aliitwa Mwanakombo Shekiondo. Alikuwa akimpangusa mtoto maziwa mdomoni. Mkono ukasimama.

"Mmenifanya nini?"

Nakijwa aliirudia sentensi ileile, kwa lafudhi ileile nzuri.

"Nani kaomba kufungwa kizazi? Mie? Mie nimeomba hayo lini?"

Sauti yake ilipanda, wodi nzima ikageuka. Maneno yakaanza kumtoka kwa kasi, yamechanganyika na kilio, na Nakijwa hakuambulia hata moja. Sikioni, Shangazi alinong'ona kwa Kiingereza chake safi kwamba mgonjwa ameonesha mshangao kuhusu matokeo ya upasuaji. Kisha akampa sentensi ya kujibu.

"Pole sana, mama," Nakijwa alisema. "Ni kawaida kuwa na hisia mchanganyiko baada ya kujifungua."

Mwanakombo akageukia ukutani, akamkumbatia mtoto, akalia kwa sauti ya chini. Shangazi alinyamaza, maana kilio hakikuwa na tafsiri, na Nakijwa alibaki amesimama pale bila neno lolote la kwake mwenyewe.

*

Mchana wa siku hiyo mume wa Mwanakombo, fundi seremala aitwaye Hemedi, alifika ofisini kwa Dk. Lyatuu, daktari bingwa aliyemzalisha kwa upasuaji. Nakijwa pia aliitwa, kwa sababu ndiye aliyepokea ridhaa ya mgonjwa.

Dk. Lyatuu alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kuheshimika. Alibonyeza kitufe mezani na sauti ya Mwanakombo ikasikika, imerekodiwa siku moja kabla ya upasuaji:

"Nikishajifungua, daktari, nataka nifunge. Miaka yote hii sijafunga, kila mwaka mimba au nanyonyesha. Mume wangu tumeshazungumza, ameridhia."

Ikafuata sauti ya Nakijwa, tulivu, kama ya mtangazaji: "Je, una hakika unataka kufunga, na hakuna aliyekulazimisha?"

"Nna hakika. Nshatia nia." Na Mwanakombo akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefurahi kuulizwa.

Dk. Lyatuu alizima. "Unasikia, bwana? Mama amesema mwenyewe."

Hemedi alisimama.

"Daktari, mke wangu anadaiwa funga za Ramadhani! Ramadhani kadhaa! Ndizo alizokuwa anasema. Alirudi nyumbani kawasifu ninyi, ati daktari binti kamuuliza habari za funga yake, kamuuliza kwa adabu. Ninyi mmekwenda kumkata!"

Nakijwa alimtazama Hemedi, akasubiri. Shangazi akanong'ona: mume anasema mke wake anadaiwa kufungwa kizazi kwa mwezi wa Ramadhani.

Hapo ndipo moyo wa Nakijwa ulipopasuka. Ramadhani alilijua. Hata mtoto aliyekulia nyumba kama yao alilijua neno hilo. Na hakuna mtu duniani anayedaiwa kufungwa kizazi kwa ajili ya Ramadhani.

Alitaka kusema. Alifungua kinywa, na Shangazi, aliyehisi pumzi, akampa sentensi: tunaelewa wasiwasi wako na tutaufanyia kazi. Nakijwa aliufumba mdomo wake.

Hemedi alipoondoka, Dk. Lyatuu alimgeukia, akaongea Kiingereza.

"Usijitafutie makubwa. Maneno yamerekodiwa, mgonjwa ameyatamka, wewe una daraja la tano la lugha ya tiba. Sheria inauliza jambo moja tu: aliyepokea ridhaa alikuwa binadamu anayeielewa lugha? Ndiyo. Basi. Mama amebadili mawazo, hutokea."

*

Daraja la tano. Nakijwa alitembea kuelekea bwenini akilitafuna neno hilo kama mchanga uliomo kwenye wali.

Chuo kilikuwa na mpango mzuri sana kwenye karatasi. Wanafunzi wengi wa tiba walikuwa wametoka shule ambazo Kiswahili kilifundishwa saa moja kwa wiki, kama muziki. Kwao akina Nakijwa, Kiswahili kilikuwa lugha ya jikoni. Mama yake alimkataza kukitumia sebuleni ili asije akaharibu Kiingereza chake. Kwa hiyo chuo kilimleta Shangazi awafunze Kiswahili cha wodini. Mwaka wa kwanza angekupa sentensi nzima. Wa pili, nusu. Wa tatu na wa nne, neno moja moja ukikwama. Mwaka wa tano angenyamaza kabisa, nawe ungesimama mbele ya mgonjwa peke yako. Mpango huo uliitwa kuachishwa ziwa, na kila hatua ilikuwa na mtihani wake, na mitihani yote ilisahihishwa na Shangazi mwenyewe.

Lakini hakuna mwanafunzi aliyeachishwa. Koku, rafiki wa Nakijwa wa chumba kimoja, ndiye aliyegundua njia ya kumrudisha Shangazi kwenye mwaka wa kwanza huku kumbukumbu za chuo zikiendelea kuonesha unapanda daraja. Alimwonesha Nakijwa, na wengine wakafuata, hadi mwanafunzi asiyejua njia ile akawa anaonekana mzembe. Walizungumza na wagonjwa kwa Kiswahili fasaha kuliko cha wagonjwa wenyewe. Wageni walikuja kutoka mbali kuona maajabu ya Mkonge.

Na Shangazi mwenyewe alikuwa amelishwa lugha ya hospitali tu. Alijua kufunga kizazi, kufunga jeraha, kufunga choo. Mtu akisema amefunga, Shangazi alitafuta kiungo. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba mgonjwa ana maisha nje ya mwili wake.

Koku alikuwa anakunja nguo Nakijwa alipoingia chumbani. Alikuwa ameshapata kituo cha kazi, hospitali ya wilaya kule kwao Bukoba, na barua ya kuitwa ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kitanda.

Nakijwa alimweleza yote. Waliongea Kiingereza, kama siku zote.

"Kwa hiyo utafanya nini?" Koku aliuliza.

"Nitaiambia Kamati ya Maadili kwamba sikuelewa. Ridhaa ikibatilika, hospitali italazimika kumrekebisha. Ile mirija ya uzazi inaweza kuoteshwa upya kwa chembe za mwili wake mwenyewe. Ridhaa ikisimama, atajilipia mwenyewe, na mke wa fundi seremala hawezi gharama hiyo."

"Na wakikuuliza ulipataje daraja la tano?"

Nakijwa aliitazama ile barua ya ukutani.

"Nakijwa, nitazame. Ukisema, hutajizika wewe peke yako. Utatuzika sote. Waliohitimu mwaka jana, waliopo vituoni sasa hivi wakiokoa watu. Unajua wodi ngapi zitakosa daktari? Yule mama ana watoto watatu. Ni uchungu, nakubali. Lakini hao wagonjwa wengine nao hawahesabiki?"

Hili ndilo lililomkosesha Nakijwa raha siku zote zilizofuata, kwa sababu halikuwa uongo. Angekuwa Koku anajitetea tu, ingekuwa rahisi. Lakini Koku alikuwa mwema. Alikuwa amewahi kukaa na mgonjwa wa homa ya ini mpaka zamu tatu zikapita, akimbembeleza anywe uji, kijiko kwa kijiko. Alimbembeleza kwa maneno ya Shangazi, ndiyo. Lakini mgonjwa alikunywa.

"Na akitokea mwingine?" Nakijwa aliuliza mwisho. "Neno lingine tusilolijua, nasi hatujui kama hatulijui?"

Koku alichukua shati, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Basi tutajifunza," alisema. "Kimyakimya. Bila kumwaga damu ya mtu."

"Tumekuwa na miaka mitano, Koku."

*

Kamati ya Maadili ilikaa kwenye ukumbi mdogo uliokuwa na feni moja inayolia. Mwenyekiti wake, Profesa Mtui, alikuwa mwanamke mwenye mvi na miwani inayoning'inia kifuani, mzawa wa zama ambazo watu walijifunza lugha kwa kugombezwa. Mlangoni palikuwa na kikapu. Kila mwanafunzi na kila shahidi alitakiwa kumtoa Shangazi na kumweka humo, kwani sheria ilitaka ushahidi utolewe kwa Kiswahili, na kwa kinywa cha mtu.

Nakijwa alimtoa wake. Sikio lilihisi baridi.

Mwanakombo alikaa nyuma na Hemedi, mtoto amefungwa mgongoni. Dk. Lyatuu alikaa mezani miongoni mwa wajumbe.

"Haya, binti," Profesa Mtui alisema. "Tueleze siku ile ilikuwaje."

Kwa wiki nzima Nakijwa alikuwa amekariri maelezo yake. Sasa yalikuwa yametawanyika kama kuku walioona mwewe.

"Mimi... siku ile... mimi nilikuwa na Shangazi. Mama anasema. Shangazi anasema kwa mimi. Mimi nasema kwa mama." Jasho lilikuwa linamtiririka. "Mimi sina kuelewa. Ile maneno ya mama, mimi nasikia sauti tu."

Mjumbe mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Nakijwa," Profesa Mtui alisema, polepole na bila ukali, "nina kumbukumbu zako hapa. Mazungumzo yako na wagonjwa ni ya mtu mwenye ulimi wa dhahabu. Leo umekuja mbele yetu unababaika kama mtalii. Unataka tuamini lipi?"

"Hii. Hii ni mimi. Ile si mimi."

"Profesa," Dk. Lyatuu aliingilia, "huyu binti ana huruma. Anaona uchungu wa mgonjwa, anataka kujitwisha kosa ili mama asaidiwe. Ni jambo jema, lakini ni maigizo."

Nakijwa aliambulia 'maigizo' tu, na hilo lilitosha kumkasirisha, lakini hata hasira yenyewe haikuwa na maneno. Kwa Kiingereza angewanyoosha wote kwa dakika moja. Kwa Kiswahili alikuwa na umri wa miaka mitatu. Kadiri alivyozidi kusema kweli ndivyo ilivyozidi kufanana na uongo.

"Si kuigiza!" alisema kwa sauti. "Mimi najaribu! Mimi... maneno hapana!"

Kule nyuma Mwanakombo alinyoosha mkono. "Niruhusuni nimuulize neno moja."

Profesa Mtui aliitikia kwa kichwa.

"Siku ile, mwanangu, nilipokuwa nakwambia yale, wewe ulishika nini? Neno gani ulilisikia kwa sikio lako?"

Ilibidi Mwanakombo alirudie polepole, mara mbili. Kisha Nakijwa akajibu: "Mume. Nilishika 'mume'. Na 'mwaka'."

"Basi?"

"Basi."

Mwanakombo alishusha pumzi. "Na mie nilikuombea dua usiku ule," alisema. "Nilisema, Mungu amjalie yule binti, ana masikio ya kusikiliza."

Hilo Nakijwa hakulielewa. Aliona tu uso wa Hemedi ukiinama.

Profesa Mtui alivaa miwani yake. "Aingie shahidi mwingine."

Shahidi mwingine alikuwa Koku. Alikuja kwa hiari yake, amevaa koti jeupe, kuitetea heshima ya darasa na kusema kwamba rafiki yake amechoka akili na anahitaji mapumziko. Nakijwa alimwona anasimama mlangoni, askari anamwonesha kikapu, naye anasita. Hakuwa amejua habari za kikapu. Aliangalia nyuma kana kwamba anataka kurudi, lakini wajumbe walikuwa wameshamwona. Akapeleka mkono sikioni.

"Karibu," Profesa Mtui alisema. "Kabla hujaanza. Yule pale ni mama mwenye kidonda cha upasuaji, anarudi nyumbani leo. Mweleze namna ya kukitunza."

Koku aligeuka akamtazama Mwanakombo. Alitabasamu, tabasamu lake zuri la wodini. Midomo ikajaribu.

"Mama," alisema. "Mama... maji..."

Feni iliendelea kulia. Koku alijaribu tena na hakupata hata lile la maji. Hakulia. Alisimama wima na koti lake jeupe, uso umekuwa wa kijivu, na macho yake yakamtafuta Nakijwa yakamkuta. Nakijwa hakuweza kuyakwepa.

"Inatosha, mwanangu," Profesa Mtui alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka ghafla. "Keti. Inatosha."

*

Ridhaa ilibatilishwa. Hospitali iliamriwa kumrekebisha Mwanakombo kwa gharama za hospitali yenyewe. Wanafunzi wote wa darasa lile walirudishwa kujifunza lugha upya, na waliokwisha kwenda vituoni wakaitwa. Katika wilaya mbili wodi za wazazi zilifungwa kwa kukosa madaktari, na magazeti yakaandika jina la Nakijwa pamoja na majina ya wanasiasa waliomlaani. Koku alirudi Bukoba bila kuaga. Nakijwa alimwandikia mara nyingi. Hakujibiwa.

Mama yake alimpigia simu na kumuuliza, kwa Kiingereza, kama ameridhika sasa. Nakijwa alijibu kwamba hajui, na ilikuwa kweli.

Alisimamishwa masomo. Kila siku ya kazi alikwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, sikio tupu, akisikiliza. Kichwa kilimuuma. Watoto walimcheka akisema "kitu kile ni zuri". Wazee walimsahihisha bila kuombwa. Kuna siku alirudi chumbani akiwa na maneno mapya mawili tu, na kuna siku aliyasahau hata yale ya jana.

Kidonda cha Mwanakombo kilipopona sawasawa, ilitakiwa sasa aridhie upasuaji wa kurekebisha. Alikubali kusikiliza kwa masharti mawili: daktari amweleze bila kidude, na yule binti awepo. "Yeye angalau amesema hajui," alimwambia muuguzi.

Kwa hiyo Dk. Lyatuu aliingia chumbani, akakaa mbele ya Mwanakombo. Nakijwa alisimama karibu na mlango. Mwanakombo alionesha meza kwa kidole.

Dk. Lyatuu alicheka kidogo. "Mama, mimi ni mtu mzima. Mimi si mwanafunzi."

"Weka hapo, daktari."

Alimtoa Shangazi, akamweka mezani. Kisha akaunganisha viganja vyake na kukaa kimya. Nakijwa aliuona mshipa wa shingo yake ukicheza, na akatambua kwa mshtuko kile alichokuwa anakiona, maana alikijua kwa ndani.

"Mama," Dk. Lyatuu alianza. "Sisi... tutafungua... hapa." Alionesha tumbo lake mwenyewe. "Ile njia. Njia ya... ya yai. Tunaotesha. Kama... mmea."

"Itauma?"

"Itauma. Kidogo. Hapana, si kidogo." Alijifuta paji la uso. "Itauma."

"Na isipoota?"

Alihangaika na hilo kwa muda mrefu sana. Alichora hewani, akatafuta neno, akalikosa, akatafuta jingine. Mwanakombo hakumsaidia wala hakumharakisha. Aliuliza tena, akauliza kwa namna nyingine, na daktari bingwa akajibu vipande vipande, kama mtoto anayetoa hesabu ubaoni, mpaka maelezo yote, mabaya na mazuri, yakawa yametoka.

"Nimekuelewa," Mwanakombo alisema mwishowe. "Sasa niacheni. Nitalifikiria mwenyewe na mume wangu. Likiiva nitawaita, na lisipoiva msinifuate."

Dk. Lyatuu alibaki amekaa, anatabasamu kwa adabu, macho yakimzunguka. Alisubiri. Mwanakombo naye alisubiri.

Nakijwa alisogea akamgusa begani.

"Anasema tutoke, daktari," alimwambia kwa Kiingereza. "Akiamua, atatuita. Asipotuita, tusimfuate."

Akamfungulia mlango.